Kumbukumbu Isiyo na Tarehe: Mwongozo wa Kuanza Tiba ya Kiwewe

Mtu aliyepata ajali ya gari miaka 3 iliyopita amekaa sebuleni anasoma. Nje, gari linafunga breki ghafla. Kabla hajajua kilichomshtua, viganja vimeshalowa jasho, moyo unamwenda mbio, na kwa sekunde kadhaa ananusa petroli ambayo haipo. Muulize ajali ilitokea lini, atakutajia siku, mwezi na mwaka bila kusita. Kichwa kinajua kwamba imeisha. Mwili bado.

Hapo ndipo kiwewe kinapoachana na kumbukumbu mbaya ya kawaida. Tukio la kawaida, hata likiwa la huzuni, huhifadhiwa pamoja na mahali na wakati wake. Ukilikumbuka unaumia, lakini unajua ni la zamani. Wakati wa tishio kubwa, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora, amigdala, hufanya kazi kwa nguvu zake zote, huku ile inayopanga matukio kwa mahali na wakati, hipokampasi, ikilemewa. Kinachobaki ni vipande: mlio, harufu, sura, maumivu ya kifua. Kwa kuwa vipande hivyo havina tarehe, vikiguswa hurudi kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Tiba za kiwewe zina majina mengi, lakini nyingi kati ya zile zenye ushahidi mzuri hufanya kazi moja: kuvikusanya vipande hivyo na kuvipa tarehe.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha muda wa kutosha kujua kwamba wengi hukwama kwa sababu ya kuvuruga mpangilio. Wanaanza na kisa, wakati kisa ni hatua ya sita.

Hatua ya 1: Angalia muda na dalili, usipime ukubwa wa tukio

"Yangu ni madogo, kuna waliopitia makubwa." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara kutoka kwa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi. Watu wawili waliokuwa kwenye gari moja wanaweza kutoka salama, mmoja akarudi kazini wiki inayofuata, mwingine akashindwa kupanda gari mwaka mzima. Hakuna aliye dhaifu hapo.

Siku na wiki za kwanza baada ya tukio, kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kulia bila kutarajia na kuota tukio lenyewe ni mambo ya kawaida. Kwa watu wengi hupungua yenyewe wakishakuwa salama na wakiwa na watu wao karibu. Ndiyo sababu wataalamu hawautaji ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe mpaka dalili ziwe zimezidi mwezi 1. Mwezi ukipita na hali haipungui, jikague katika mambo manne: tukio linakurudia kwa jinamizi au picha zinazovamia mchana; unakwepa chochote kinachokukumbusha; fikra na hisia zimebadilika (unajilaumu, umekufa ganzi, hakuna kinachokufurahisha); na mwili umekaa chonjo muda wote (unashtuka, unakasirika upesi, usingizi wa mang'amung'amu).

Kukwepa ndiko kunakodanganya zaidi, kwa sababu huonekana kama nafuu. Aliyepata ajali huanza kwa kuepuka barabara ile. Kisha barabara kuu zote. Kisha kuendesha gari. Kisha anatafuta sababu za kutotoka kabisa, na mtu akimuuliza hali yake anajibu yuko sawa, kwani kweli siku hiyo hakushtuka. Hakushtuka kwa sababu hakwenda popote. Ukitaka kujua kama umepona au umekwepa, andika orodha ya mambo uliyokuwa ukiyafanya kabla ya tukio na ambayo sasa huyafanyi.

Waliopitia mateso ya muda mrefu, hasa utotoni au mikononi mwa mtu wa karibu, mara nyingi huwa na ya ziada: kujiona hawana thamani, hasira au huzuni zisizoshikika, na ugumu wa kumwamini yeyote. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 imeipa hali hii nafasi yake yenyewe. Tiba ipo, ila huchukua muda mrefu zaidi, na hatua ya 5 hapa chini huhitaji uvumilivu zaidi.

Na kama tukio ni la juzi tu? Usikubali kukalishwa na kulazimishwa kusimulia kila kitu ili "utoe sumu". Kikao kimoja cha namna hiyo, mara tu baada ya tukio, kimechunguzwa kwa miaka mingi. Hakizuii kiwewe, na wengine kinaweza kuwazidishia. Kinachosaidia siku hizo ni usalama, usingizi, maji, habari za kweli kuhusu wapendwa wako, na mtu wa kukaa nawe hata mkiwa kimya.

Hatua ya 2: Ulinde usalama wa leo

Mwili unaopiga king'ora ndani ya nyumba ambamo bado unapigwa hauna ugonjwa. Unafanya kazi yake. Kama aliyekuumiza bado anakufikia, kazi ya kwanza ni kupanga njia ya kuwa salama: wapi pa kwenda, nani ajue, nyaraka zipi uwe nazo mkononi. Mshauri anayekuambia ukafanyie kazi kumbukumbu wakati hatari ingali mlangoni amekosea mlango.

Vivyo hivyo ukiwa na mawazo ya kujitoa uhai, au unakunywa pombe kila usiku ili upate usingizi. Hayo hayakunyimi tiba, na usiyafiche kwa aibu. Yaseme mwanzoni kabisa. Kama mawazo ya kujiua yana mpango na siku, usisubiri miadi: nenda leo kwenye hospitali au kituo cha dharura kilicho karibu, au mpigie mtu aje akae nawe sasa.

Hatua ya 3: Chagua mtu wa kukutibu

Vyeo huwachanganya watu. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba, anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha naye anaweza kuwa mzuri sana, mradi amefundishwa kazi hii mahususi. Kwa kiwewe, swali kubwa kuliko cheo ni hili: amefundishwa tiba gani ya kiwewe, na anasimamiwa na nani?

Muulize kabla ya kuanza, hata kwa simu. Umewahi kutibu watu wenye hali kama yangu? Unatumia njia ipi, na inachukua vikao vingapi? Tutajuaje kama inafanya kazi? Tukiona haifanyi, utafanya nini? Mtaalamu anayejiamini hatachukia maswali haya. Anayekasirika amekuokolea muda.

Ondoka ukiona anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja, anatumia saa yako kusimulia yake, anataka urafiki au mapenzi nje ya chumba, au anakushawishi kwamba lazima uliwahi kudhalilishwa utotoni ingawa wewe hukumbuki kitu. Hili la mwisho lina historia mbaya. Katika miaka ya 1980 na 1990, hasa Marekani, waganga wa aina hiyo waliwafukulia wateja "kumbukumbu zilizofichika" kwa kuwalaza usingizi wa kiinimacho na maswali ya kuongoza, na familia zikasambaratika kwa mambo ambayo mengine hayakuwahi kutokea. Fanyia kazi unachokumbuka. Kinatosha.

Hatua ya 4: Nenda na sentensi moja

Kikao cha kwanza hakihitaji kisa kizima. Andaa sentensi moja yenye kichwa cha habari tu: "Nilivamiwa mwaka jana, na tangu hapo silali." Ukiulizwa zaidi na hujawa tayari, sema: "Hilo nitalisema baadaye." Ni jibu halali kabisa.

Nina deni katika hili. Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja dada mmoja, na mimi, kwa shauku ya kusaidia, nikamwambia, "Niambie yote, dada, usibakize." Akaniambia yote. Alizungumza kwa zaidi ya saa nzima huku akitetemeka, nami nikajiona nimefanya kazi kubwa. Hakurudi tena. Nilimfungulia kila kitu kisha nikamrudisha nyumbani nacho mikononi, bila kumfundisha pa kukiweka.

Katika kikao hicho huenda ukapewa dodoso la dalili. Linalotumika sana lina maswali 20, kila moja lina alama 0 hadi 4. Jaza kwa ukweli, kwani ndilo litakaloonyesha mwezi ujao kama unasogea. Uliza pia mipaka ya siri. Mtaalamu hutunza siri zako, lakini kwa kawaida hulazimika kuzungumza kama kuna hatari ya wewe kujiua, kumwua mwingine, au mtoto kuendelea kuumizwa. Afadhali ujue kabla ya kusema kuliko baada ya kusema.

Hatua ya 5: Jifunze kurudi

Kabla ya kuigusa kumbukumbu, ujue njia ya kurudi kwenye siku ya leo. Hapa watu hupewa ushauri mmoja, "vuta pumzi," kana kwamba kila mwili unafanana. Kuna hali mbili, na dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni mwili kuwaka: moyo mbio, jasho, kutaka kukimbia. Hapo pumzi inasaidia, ila nguvu iko kwenye kutoa kuliko kuvuta. Vuta kwa hesabu ya 4, toa polepole kwa hesabu ya 6, kwa dakika 3 hadi 5. Macho yawe wazi. Wengine wakiyafumba, picha ndizo zinazokuja.

Ya pili ni kuzima: ganzi, sauti za watu zinasikika za mbali, unajitazama kama uko nje ya mwili wako. Pumzi ndefu hapa zinaweza kukuzamisha zaidi. Simama. Kanyaga sakafu mguu mmoja baada ya mwingine, shika kitu cha baridi, taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyovinusa na 1 unachokionja. Kisha sema jina lako, tarehe ya leo na mahali ulipo. Tarehe isikose, ndiyo kazi yenyewe kwa kipimo kidogo.

Fanyia mazoezi siku ambazo umetulia. Anayejifunza kuogelea wakati wa mafuriko hajifunzi. Na usiigeuze hatua hii kuwa makao: nimeona watu wakifundishwa kupumua kwa mwaka mzima, na kisa hakijawahi kuguswa. Wiki chache huwatosha wengi, na wengine huanza tiba yenyewe karibu mara moja.

Hatua ya 6: Kisa chenyewe

Njia ni kadhaa, na zile nitakazozitaja zote zimepimwa vya kutosha. Mweleweshane na mtaalamu wako ipi inakufaa.

Ipo tiba ya kukabili kwa muda mrefu, iliyojengwa na Edna Foa. Vikao vyake ni 8 hadi 15, kila kimoja dakika 90 hivi. Unasimulia tukio kwa wakati uliopo, macho yamefumbwa, tena na tena, unarekodiwa, na nyumbani unasikiliza rekodi kila siku. Sambamba na hapo mnaandika ngazi ya vitu unavyokwepa na kuvipa alama 0 hadi 100. Yule wa ajali angeanza na kukaa kwenye gari lililozimwa (alama 30), kisha injini iwake lakini gari lisiende (45), kisha mzunguko mfupi na mtu anayemwamini (60), mpaka barabara ile yenyewe (95). Hapandi kidato kingine kabla cha chini hakijapoa.

Kama kinachokutesa zaidi ni lawama kuliko picha, kuna tiba ya kuchakata fikra ya Patricia Resick, kwa kawaida vikao 12. Hii hukamata sentensi iliyokwama. "Ningeondoka mapema yasingetokea." Mtaalamu hatakuambia "usijilaumu", maana hilo umeshaambiwa na kila mtu na halijasaidia. Atakuuliza: saa ile ulikuwa unajua nini? Kulikuwa na dalili gani, na uliijua kuwa dalili wakati ule au ulipotazama nyuma? Mara nyingi mtu hugundua kwamba amekuwa akijihukumu kwa habari alizozipata baada ya tukio.

Tiba ya mijongeo ya macho ilianza na Francine Shapiro mwaka 1987. Unaishika picha ya tukio akilini huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu kushoto na kulia, kwa vipindi vifupi. Huonekana kama mazingaombwe, nami niliicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Inafanya kazi. Kama macho yenyewe ndiyo yanayoponya, au ni kule kuikumbuka picha ukiwa salama, wataalamu bado wanabishana.

Nitakaa kidogo kwenye tiba ya masimulizi, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya watu wenye matukio mengi, na matokeo ya kuijaribu kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda yalichapishwa mwaka 2004. Waliobuni ni Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Vifaa vyake ni kamba, mawe na maua. Kamba ni maisha yako. Unaikunjua sakafuni kuanzia ulipozaliwa. Tukio jema linawekewa ua, la kutisha linawekewa jiwe, kwa mfuatano. Kipande cha mwisho cha kamba hubaki kimekunjwa, kwa kuwa siku zake hazijafika.

Mzee mmoja (nimebadilisha mengi asitambulike) aliweka mawe sita, kisha akakaa kimya akiyatazama. "Nilidhani ni jiwe moja lililojaa chumba kizima," alisema. Vikao vilivyofuata tulikwenda jiwe kwa jiwe. Tulipofika la nne pumzi zikaanza kumkatika. Nikamwuliza, "Mzee, mlango ulikuwa upande gani?" Kushoto. "Miguu ulikuwa umevaa nini?" Hakuwa na viatu. "Na sasa hivi, hapa, miguuni una nini?" Akainama akatazama. Viatu vyeusi vya kamba. Akavitazama muda mrefu. Tukaendelea hivyo, mguu mmoja kule na mmoja hapa, mpaka tukio likafika mwisho wake na saa zilizofuata baada yake, kwa sababu hairuhusiwi kumwacha mtu katikati ya jiwe. Kila kikao niliandika aliyosema, na kilichofuata nikamsomea, naye akasahihisha. Mwishoni tulitia saini, tukaandika tarehe, nakala akaondoka nayo.

Watoto wana njia yao, ambamo mzazi au mlezi hushiriki karibu katika kila hatua. Mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani au anayecheza mchezo ule ule wa tukio kila siku anasema kwa namna anayoiweza. Usimpige, usimcheke.

Hatua ya 7: Siku zilizo kati ya vikao

Saa moja kwa wiki ni kidogo; siku nyingine sita zina kazi yake. Fanya mazoezi uliyopewa hata kwa vipande. Usipange jambo zito mara tu baada ya kikao. Mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba siku hiyo utakuwa mzito, bila kulazimika kumweleza mliyozungumza.

Jinamizi linaweza kuongezeka unapoanza kugusa kisa, kwa wiki moja au mbili hivi. Hapo ndipo wengi huacha. Kabla hujaacha, rudi umwambie mtaalamu, "Nataka kuacha." Maneno hayo ni sehemu ya tiba, naye anaweza kupunguza kasi. Lakini kama vikao sita au nane vimepita, umefanya kazi yako, na alama za dodoso hazijasogea hata kidogo, si kosa lako. Dai mbadilishe njia, au ubadilishe mtu.

Kuhusu dawa kwa ufupi: baadhi ya dawa za sonona, kama setralini na paroksetini, hupunguza dalili, na huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia. Zinaweza kutumika pamoja na mazungumzo. Usizikatize ghafla bila daktari. Dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu, ni habari nyingine: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba zisitolewe kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Huleta usingizi, na zina hatari ya uraibu.

Anayeishi na mgonjwa asimwulize "umesema nini leo?" Amwulize kama anataka kutembea kidogo au kuachwa apumzike.

Hatua ya 8: Kumaliza

Tiba haimalizwi kwa kusahau. Dalili nzuri ni za kawaida sana: ulisikia breki, ukageuka, ukaendelea kusoma. Ulisimulia tukio ukalia, kisha ukakumbuka una nguo za kuanua. Orodha ile ya hatua ya 1, ya mambo uliyoyaacha, itoe tena uone mangapi umerudia.

Vikao viwili vya mwisho vitumike kuangalia mbele. Andikeni siku zinazoweza kukuyumbisha: tarehe ya tukio ikirudi kila mwaka, kesi mahakamani, kukutana na mtu fulani, mtoto wako kufikia umri uliokuwa nao wewe. Kwa kila moja andika dalili yako ya kwanza (wengine ni usingizi, wengine ni hasira), zoezi utakaloanza nalo, na utakayempigia. Ombeni miadi moja baada ya miezi mitatu, hata kama wakati huo utajiona huihitaji, na namba ya mtaalamu uiache kwenye simu.